Seli ya jua ya choya: volti ipo, mkondo hakuna, na siku ya tatu imekufa. Tatizo liko wapi?

mwl_kemia

Wakuu, habari za majukumu.

Klabu ya sayansi ya kidato cha tano inaandaa seli ya jua ya rangi ya mimea, ile ya mkemia Grätzel, kwa ajili ya maonesho. Nia ni wanafunzi waone kwamba kazi ya jani, yaani kunasa mwanga kwa rangi na kusukuma elektroni upande mmoja, inaweza kufanyika juu ya kioo bila silikoni. Imewaka, lakini kwa udhaifu mno. Mpangilio uko hivi:

Kioo: vipande vya sm 2.5 kwa 2.5 vyenye tabaka la kupitisha umeme, multimita inasoma omu 18.
Unga: titani dioksidi ya duka la rangi, gramu 6, imesagwa kwenye kinu na siki ml 9 na tone la sabuni ya vyombo. Tumepaka kati ya vipande vya selotepu, kisha jiko la umeme dakika 30.
Rangi: choya iliyochemshwa nusu saa, tukakamulia ndimu iwe nyekundu zaidi. Kioo kimelowa dakika 10.
Elektrodi ya pili: masizi ya mshumaa.
Elektroliti: ayodini ya famasi, ya kusafishia vidonda.

Jua la saa sita mchana: volti 0.38, mkondo miliampia 0.04 kwa eneo la sm² 4. Siku ya pili volti 0.2. Siku ya tatu hakuna kitu, na utando umegeuka kahawia.

Nini kinaua mkondo? Na kwa nini inakufa upesi hivi?

---

fundi_kioo

Mwalimu, anza na unga. Hapo ndipo sehemu kubwa ya mkondo imepotelea.

Titani dioksidi ya duka la rangi kwa kawaida ni ya umbo la rutili (moja ya maumbo ya fuwele zake; jingine ni anatasi), chembe zake ni nanomita 200 hadi 300, na kiwandani huvishwa ganda jembamba la alumina na silika. Ganda hilo lina sababu: titani dioksidi tupu ikipigwa na jua huchochea mmenyuko unaokula gundi ya rangi, na ukuta huanza kutoa vumbi jeupe. Kwa hiyo mtengeneza rangi analipia ganda ili umeme usitoke kwenye chembe. Wewe unataka utoke. Kusaga kwenye kinu hakuliondoi ganda hilo.

Agiza unga wa nano, chembe za nanomita 20 hadi 25, wenye anatasi kwa wingi. Uliozoeleka maabara unaitwa P25: anatasi kama asilimia 80, rutili kama 20, na gramu moja ina eneo la takriban mita za mraba 50. Eneo ndilo roho ya seli hii. Tabaka moja la molekuli za rangi juu ya kioo bapa hunasa chini ya asilimia moja ya mwanga, na kuongeza tabaka la pili hakusaidii, kwa kuwa molekuli isiyogusa titani dioksidi (kwa kifupi titani) haina pa kutupia elektroni yake. O'Regan na Grätzel walipochapisha kazi yao mwaka 1991 kule Lausanne, Uswisi, wakapata asilimia 7 na ushei, ujanja ulikuwa huo: utando wa maikromita 10 ambao eneo lake la ndani lilikuwa karibu mara 800 ya eneo la kioo. (Rangi yao haikuwa ya mmea, ilikuwa ya metali ya rutheni.)

Gramu 6 kwa ml 9 ni sawa, ila siki iingie ml 1 kwa mara moja. Saga mpaka uvimbe wote uishe ndipo uongeze inayofuata; kazi nzima ichukue kama nusu saa. Asidi huzipa chembe chaji chanya, zikasukumana badala ya kugandana. Ukimwaga siki yote kwa pamoja unabaki na madonge, na donge likikauka linakuwa ufa. Tumia siki nyeupe, si ya kahawia. Tone la sabuni liwe la mwisho, koroga taratibu bila kutoa povu, kisha acha dakika 15. Kiputo kimoja kwenye utando ni tundu, na kupitia tundu hilo elektroliti hugusa kioo moja kwa moja na kuzila elektroni zilizokwisha kukusanywa.

Selotepu safu moja inatosha, ina unene wa maikromita kama 50 na rojo likikauka linapungua sana. Safu mbili na utando unapasuka. Vuta fimbo ya kioo mara moja tu, bila kurudia.

Kuchoma ni nyuzi 450 za Selsiasi kwa dakika 30. Majiko mengi ya nyumbani hayafiki huko ukiacha kioo wazi. Kifunike kwa kigae au bati. Rangi yenyewe itakuambia: utando mweupe unageuka kahawia wakati sabuni na siki zinaungua, halafu unarudi kuwa mweupe. Ukiutoa ukiwa bado kahawia, chembe hazijashikana. Jaribu pembeni kwa ukucha: ukitoka unga, rudisha motoni. Baada ya hapo zima jiko na uache kioo kipoe humo humo, kwa sababu ukikiweka juu ya meza baridi kitapasuka.

Kagua pia aina ya kioo. Chenye bati oksidi iliyotiwa florini kinavumilia moto huo. Chenye indi na bati hupandisha upinzani mara kadhaa kikichomwa hewani. Pima omu kabla na baada. 18 ikigeuka 80, umekipata chanzo kingine cha tatizo.

---

RangiAsili

Naongezea upande wa rangi, maana ndimu na kuchemsha vimekuumiza.

Choya ina anthosiyanini, yaani rangi nyekundu na zambarau za mimea, za jamii mbili, delfinidini na siyanidini. Zote zina vikundi vya OH vilivyokaa jirani kwenye pete moja, na hivyo ndivyo vinavyoshika titani. Dalili ya kushika inaonekana kwa macho: maji ya choya ni mekundu, lakini utando unatakiwa ugeuke zambarau iliyokolea. Ukibaki wa waridi, na ukiusuuza rangi inachuruzika, hakuna kilichoshika hata kama maji ya kulowekea yalikuwa mekundu kama damu. Stroberi hushindwa hapohapo: anthosiyanini yake kuu, pelagonidini, ina OH moja tu kwenye pete hiyo.

Ndimu inaleta asidi sitriki, nayo hushika titani kwa nguvu na kuchukua nafasi za rangi. Choya yenyewe tayari ina asidi zake za kutosha. Kuchemsha nusu saa kunavunja anthosiyanini na kutoa utomvu wa pektini unaoziba vitundu vya utando.

Fanya hivi: gramu 10 za choya kavu iliyovunjwavunjwa, ml 100 za ethanoli ya asilimia 70 au zaidi, na ml 1 ya asidi haidrokloriki ya mola 1 kwa lita. Acha gizani usiku mzima bila moto. Chuja kwa pamba, kisha kwa karatasi ya chujio. Spiriti ya dukani yenye rangi ya bluu usitumie. Asidi usizidishe: inalinda wekundu wa rangi na kusaidia elektroni kuingia kwenye titani, lakini kila pH ikishuka kwa 1, titani hushuka kwa milivolti 59 na volti ya seli inafuata. Ikizidi zaidi, rangi inaanza kubanduka.

Kioo kilowekwe kingali na joto la nyuzi kama 80. Hili wengi hulipuuza, na kwenye unyevu wa Dar, Tanga au Mombasa ni kosa kubwa: utando uliopoa wazi hunywa maji ya hewani kabla ya kunywa rangi. Dakika 10 ni chache kwa utando wa maikromita 10. Acha saa 12 gizani, na baada ya saa ya kwanza mwaga rangi ya zamani uweke mpya. Geuza kioo utazame upande wa chini. Ukiona madoa meupe, rangi haijafika ndani. Suuza kwa ethanoli, kausha kwa hewa baridi, na weka elektroliti siku hiyohiyo. Rangi iliyo juu ya titani ikikaa kwenye mwanga bila ayodaidi ya elektroliti ya kuirudishia elektroni, inajiharibu.

---

mwl_kemia

Nashukuru sana wakuu, sasa naelewa kwa nini utando wetu ulikuwa wa waridi. Maswali mawili: zambarau (tunda) au mchicha vinaweza kuchukua nafasi ya choya usipokuwa msimu wake? Na ayodini ya famasi ni tatizo pia?

---

RangiAsili

Zambarau inafaa, tumia ganda tu. Ina delfinidini na petunidini zinazoshika, na malvidini isiyoshika, hivyo sehemu ya rangi unayoiona itasuuzika.

Mchicha wa kijani utakukatisha tamaa. Klorofili haina kikundi huru cha asidi cha kushikia titani, ina mkia mrefu wa mafuta, na kwenye asidi inapoteza magnesi na kugeuka rangi ya zeituni. Kwenye jani inashikiliwa na protini. Kwenye kioo protini hizo hazipo. Wanakemia walichofanya ni kuchukua pete yake tu, pofirini, wakaipachika kikundi cha kusukuma elektroni upande mmoja na asidi ya kushikia upande wa pili. Pofirini ya namna hiyo ilifikisha asilimia 13 mwaka 2014. Kwa wanafunzi, huo ndio mfano bora wa kujifunza kwa jani: hawakuiga jani zima, walichukua kiungo kimoja na kukishona upya kwa kazi mpya.

---

elektroni_huru

Ayodini ya famasi ni tatizo kubwa. Kwa kawaida ni povidoni: ayodini imefungwa kwenye polima, na kinachobaki ni maji. Polima inaziba vitundu, maji yanabandua rangi. Tincha ya ayodini nayo ina maji na spiriti, itatoa mkondo kwa muda mfupi kisha inakauka.

Elektroliti ya ml 10: ethilini glaikoli ml 10, potasi ayodaidi gramu 0.83, ayodini ya fuwele gramu 0.13. Hiyo ni mola 0.5 na mola 0.05 kwa lita. Yeyusha potasi ayodaidi kwanza, pasha moto kidogo, kisha ayodini. Weka kwenye chupa ya kahawia. Usiongeze ayodini ukidhani unaongeza umeme: traiyodaidi, yaani ayodini iliyoungana na ayodaidi, hunyonya mwanga wa bluu na kijani, na pia huiba elektroni kutoka kwenye titani, volti ikashuka. Bila ayodini kabisa nako mkondo unakufa, kwa sababu elektrodi ya pili haina wa kumkabidhi elektroni. Maji ya rejeta, yaani kulanti, yana glaikoli lakini yana maji, rangi na dawa za kuzuia kutu, yaache. Na glaikoli ni tamu na ni sumu, isikae kwenye chupa ya soda.

Masizi pekee ni hafifu. Sugua penseli ya 6B upande unaopitisha umeme mpaka kioo kiwe kijivu chote, halafu ongeza masizi juu. Kaboni ikiwa nyembamba, volti itaonekana nzuri lakini ukiweka mzigo inaporomoka.

Vioo viwili vipishane, kila kimoja kibaki na ukingo wa mm 5 nje kwa ajili ya klipu. Matone mawili ya elektroliti kwenye mwanya, yatavutwa yenyewe. Ukiona kiputo kimebaki, fungua klipu moja na ubane tena. Chuma na shaba visiguse ayodini, vinaliwa ndani ya saa chache. Mwanga uingie upande wa titani, si upande wa kaboni.

Upimaji: volti ya multimita peke yake haisemi kitu kuhusu nguvu. Weka potenshomita (kipingamizi cha kuzungusha) ya omu 500 kati ya nguzo mbili, zungusha hatua kwa hatua, andika volti na mkondo kila hatua, zidisha. Namba kubwa kuliko zote ndiyo nguvu ya seli. Gawa kwa eneo la utando. Punguza utando uwe sm² 1 mpaka mjue mnachofanya. Ukifuata waliyosema wenzangu, tarajia volti 0.4 hivi na mkondo unaokaribia miliampia 1 kwa sm².

Tengeneza pia seli moja isiyo na rangi kabisa, uiweke juani kando ya ile ya choya. Itatoa umeme kidogo, kwa sababu titani yenyewe hunasa mwanga wa urujuanimno, chini ya nanomita 390 hivi. Kiasi hicho ni lazima mkitoe kwenye hesabu, la sivyo mnaipa choya sifa isiyo yake. Kisha funika zote mbili kwa karatasi ya plastiki ya polikaboneti inayozuia urujuanimno: ile tupu itashuka karibu na sifuri, ya choya itabaki na sehemu kubwa ya mkondo wake. Huo ndio ushahidi wa kuweka kwenye bango.

Polikaboneti hiyo iache hapohapo, inajibu lile swali lako la mwanzo, kwa nini seli inakufa upesi. Urujuanimno ukiigonga titani, titani inaanza kuichoma rangi iliyoishika, sawasawa na inavyokula gundi ya rangi ya ukuta. Kahawia uliyoiona huenda ni hiyo, pamoja na maji ya ile povidoni.

---

Mbeba_Panga

Samahani, hii kitu inaweza kuchaji simu? Vinginevyo naona tunasifia mchezo wa darasani.

---

elektroni_huru

Hesabu ni hii. Volti 0.4, miliampia 0.9 kwa sm², na kipengele cha ujazo 0.4 (sehemu ya volti mara mkondo ambayo seli inaitoa kweli ikiwa na mzigo): unapata miliwati 0.14 kwa sm². Jua la saa sita linaleta miliwati 100 kwa sm², kwa hiyo ufanisi ni asilimia 0.14. Chaja ya wati 5 ingetaka zaidi ya mita za mraba 3.5 za seli zisizo na tundu hata moja. Hapana, haichaji simu. Seli nne kwa mfululizo zinaendesha kikokotozi. Taa nyekundu ya LED inataka tano au sita.

Lakini muundo wenyewe si mchezo. Kwa rangi za kutengenezwa umefika asilimia 15.2 mwaka 2022. Kwenye mwanga wa taa za ndani unafanya vizuri zaidi: mwaka 2017 elektroliti ya shaba ilifikisha asilimia 28.9 kwenye laksi 1000 (laksi ni kipimo cha mwangaza). Na jengo la mikutano la chuo cha EPFL, Lausanne, lina ukuta wa kama mita za mraba 300 wa paneli za rangi za aina hii. Kilicho dhaifu ni rangi ya choya, si njia.

---

maji_na_mwanga

Mwalimu, kuhusu kufa upesi kuna jambo moja ambalo wanafunzi wako wanastahili kulisikia, maana linabadilisha namna ya kuutazama usanisinuru.

Jani nalo linaungua. Kwenye jua kali, protini iitwayo D1, iliyo katikati kabisa ya mashine ya kupasua maji, inaharibika na kubadilishwa kila baada ya kama nusu saa. Jani halidumu kwa sababu ni gumu. Linadumu kwa sababu linajitengeneza. Seli ya choya imeazima rangi ya mmea bila kuazima fundi wake. Ndiyo maana polikaboneti na elektroliti isiyo na maji vitarefusha maisha yake, lakini haviipi uwezo wa kujitibu.

Kemia inayojitibu ipo na mnaweza kuionesha meza ya pili. Mwaka 2008 wanakemia Kanan na Nocera, wakiwa chuo cha MIT, Marekani, walionesha kichocheo cha kobalti na fosfeti kinachotoa oksijeni kwenye maji ya pH 7. Kinajijenga chenyewe juu ya elektrodi, na kobalti inayoyeyuka inarudishwa mahali pake na fosfeti umeme ukiwa unapita.

Kwa ml 100: dipotasi haidrojeni fosfeti gramu 1.07, potasi dihaidrojeni fosfeti gramu 0.52. Hiyo ni bafa (mmumunyo unaoizuia pH isibadilike ovyo) ya mola 0.1, pH 7 hivi. Kobalti inatakiwa mola 0.0005 tu, na mizani ya shule haipimi miligramu 15. Basi yeyusha gramu 0.29 za kobalti naitreti (yenye molekuli sita za maji) kwenye ml 100 za maji, chukua ml 5 za hiyo. Fosfeti iyeyushwe kwenye ml 95 ili jumla iwe 100. Anodi ni kipande cha kile kioo chenu cha bati oksidi, kathodi ni waya wa chuma kisichoshika kutu. Betri mbili za volti 1.5 kwa mfululizo. Ndani ya dakika chache kioo kinaanza kuvaa utando mweusi, na viputo vinaongezeka kadiri utando unavyokua.

Sasa hamisha kioo hicho kwenye bafa safi isiyo na kobalti: kitaendelea kutoa viputo. Kioo cha pili, kilichovishwa utando vivyo hivyo, kihamishie kwenye sodiamu salfeti ya mola 0.1, isiyo na fosfeti, muache usiku kucha vyote viwili vikiwa kwenye umeme. Asubuhi linganisheni weusi wa utando na viputo. Kile cha salfeti ndicho kitakachokuwa kimechakaa, kwa sababu kobalti iliyotoka haikuwa na wa kuirudisha.

Maji yawe yale safi ya betri yasiyo na asidi. Soma chupa vizuri, kwa kuwa dukani vyote viwili huitwa maji ya betri. Maji ya bomba yana kalisi inayoganda na fosfeti, na klorini yake inaweza kuchafua matokeo. Kobalti ni sumu: glavu, na mabaki yakusanywe kwenye chupa iliyoandikwa, yasimwagwe kwenye sinki wala bustanini. Kathodi inatoa haidrojeni, kwa hiyo chombo kikae wazi, mbali na mshumaa mnaotengenezea masizi.

---

mwl_kemia

Nimenakili yote. Unga wa nano na ayodini ya fuwele tunaagiza wiki hii, choya na ethanoli vipo. Tutaanza na sm² 1 pamoja na seli isiyo na rangi, kisha niwawekee jedwali la volti na mkondo hapa mlikague kabla ya bango kuchapwa.

---

fundi_kioo

Vema. Kwenye jedwali weka na omu za kioo kabla na baada ya kuchoma, na unene wa selotepu. Bila hizo mbili hatutaweza kukuambia namba mbaya imetoka wapi.